Springi za Gari la Bibi Harusi

Jumatatu, 7 Juni 1954. Manundu.
Nimeingia chini ya gari la Bwana Chimanlal mwenye duka, nikagonga pale chasisi inaposhika springi za nyuma. Nyundo ikazama. Kutu tupu! Na Jumamosi namwendesha binti yake Jyotsna kwa mumewe Handeni. Kaleb, fundi wa kuchomelea, anataka kubandika bamba la chuma. Hanidanganyi, anautaka usukani wangu. Nimemwambia Bwana Chimanlal nitatengeneza mwenyewe. Amenishukuru.

Jumatano, 9 Juni.
Njia imepatikana. Singa za katani, lami ya moto, kibao cha mninga cha kushindilia, kisha rangi nyeusi juu. Katani inafunga meli, itashindwa na springi mbili? Kaleb amechungulia, ameguna. Wivu. Mke wangu Mashavu ameuliza kama nami nitakuwemo garini. Nimesema ndiyo. Akasema basi kanzu mpya niiache nyumbani.

Ijumaa, 11 Juni.
Nimelijaribu gari mpaka stesheni, polepole. Nyuma panalia kama mlango mbovu. Naogopa, na barabara ya Handeni ni makorongo matupu. Nimekwenda dukani kumweleza Bwana Chimanlal ukweli. Nikamkuta Kaleb amekaa, anaandaliwa chai. Nikarudi.

Jumamosi, 12 Juni.
Jyotsna kaingia garini analia. Shangazi zake wanalia. Nami machozi yananilenga, kwa sababu zangu. Nimewasha, Bwana Chimanlal akasema ningoje. Akaweka nazi chini ya gurudumu la nyuma! Ndiyo desturi yao, bibi harusi haondoki mpaka gari liipasue. Nikamwomba aihamishie mbele. Akasema kwao huwekwa nyuma. Nikakanyaga mafuta. Gurudumu likapanda, likashuka, kraa! Gari likakaa kitako mbele ya wageni wote. Nazi haina hata ufa. Jyotsna akaacha kulia, akacheka. Likaazimwa gari la jirani, akaitwa Kaleb kuliendesha. Bwana Chimanlal akaninyooshea mkono, nikampa ufunguo.

Jumapili, 13 Juni.
Wamefika salama. Kesho Kaleb anachomelea bamba lake, na usukani ni wake. Imeniuma sana. Nimewaza tangu alfajiri na nimeona kosa lilipokuwa: nazi ilikuwa kavu mno. Mchana amekuja Salimu, anayeshusha mboga kwa lori kutoka milima ya Bungu. Breki zimelika, anatafuta fundi, na dereva pia. Nimemwambia amewapata wote wawili. Ngozi ya mbuzi ya kuvalisha breki nimeshaianika.