Malalamiko ya Tabaka la Kwanza

Kwa Mwalimu wa Yoga,
Ukumbi wa juu ya duka la dawa.
Ijumaa.

Mwalimu Mheshimiwa,

YAH: MATABAKA MATANO YA BINADAMU NA NJAA YANGU

Mimi ni yule fundi cherehani wa mkeka wa nyuma, niliyeletwa kwako na maumivu ya mgongo. Jumatatu ulitufundisha kwamba binadamu ana matabaka matano: la nje ni mwili, uliojengwa kwa chakula, ndani yake pumzi, kisha akili, kisha hekima, na la ndani kabisa ni furaha. Ukasema mtu asijidhanie kuwa ni lile la nje tu. Nilikuelewa upesi, kwani hata koti lina bitana. Lakini elimu hiyo imenifikisha pabaya:

1. Jumanne nilisahau kumpokea mama mkwe stendi. Alikalia sanduku lake hadi jua likazama. Mke wangu aliponiuliza, nilimjibu kwa utulivu kuwa aliyesahau ni tabaka la tatu. Mimi halisi sikuhusika.

2. Mke wangu hakugomba. Alipakua sahani mbili, akasema, "Chakula ni cha tabaka la kwanza, mume wangu. Wewe halisi vuta pumzi." Mama mkwe akadakia, "Avute na ya kesho, mwanangu." Nikavuta. Haishibishi.

3. Kitanda nacho, nimeambiwa, ni cha miili. Nimepewa kochi linaloniishia magotini. Mgongo ulionileta kwako umerudi, tena umekuja na shingo.

4. Tabaka la furaha nimelitafuta tangu siku hiyo. Kila nikifika la pumzi, nanusa vitunguu vinakaangwa.

Kwa hiyo naomba cheti chenye muhuri, kumthibitishia mke wangu kwamba matabaka yangu yameshonwa pamoja na hayalishwi moja moja. Ikishindikana, nirudishie la kwanza tu. Hayo manne baki nayo. Sikuwa nikiyatumia sana.

Wasalimie wa mikeka ya mbele, hasa yule mama anayegusa vidole vya miguu bila kuguna.

Wako kwa matabaka yaliyosalia,
Fundi.

N.B. Nikitafuta bahasha nilimkuta mama mkwe jikoni. Nikapiga magoti, nikamwambia aliyemsahau ni mimi, mimi mzima, kuanzia kitambaa hadi bitana. Alicheka mpaka akashika meza, kisha akanipakulia. Kabla tonge halijafika mdomoni, nikamsikia mke wangu naye anacheka chumbani. Mwalimu, cheti acha. Tabaka la tano lipo.

Jumatatu nitachelewa darasani: nampeleka mama mkwe stendi.