Ufunguzi wa Jumba la Mapumziko ya Mafundi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, Mheshimiwa Makamu wake, Mheshimiwa Mjumbe anayekaimu umakamu pale Makamu anapokuwa anakaimu uenyekiti, wakandarasi, wahandisi, wasimamizi wa saiti, mafundi waashi, mafundi seremala, wasuka nondo, wageni waalikwa, na ninyi mliokalia matofali kwa uhaba wa viti: itifaki imezingatiwa. (Makofi kutoka meza kuu.)

Niwieni radhi kwa kuchelewa. Mliambiwa saa tatu nami nimefika saa sita, kwa sababu ninayoyahubiri ndiyo ninayoyatenda: leo Jumamosi, na nimelala. (Kicheko kidogo.)

Ndugu zangu, kwa muda mrefu sekta ya ujenzi imeendeshwa kwa utamaduni kandamizi wa "zege halilali", fundi anatoka nyumbani watoto wamelala na anarudi wamelala, hadi mtoto anamuuliza mama yake yule mgeni wa Jumapili ni nani. (Sauti nyuma: "Kweli kabisa.") Kwa kuliona hilo, ofisi yangu, chini ya uongozi wangu na kufuatia wazo langu, iliasisi mchakato shirikishi, jumuishi na endelevu wa kuitafuta ile wataalamu wanayoiita waki-laifu-balansi, yaani mtu afanye kazi lakini pia aishi. Tathmini ya awali inaonesha furaha ya mafundi imepanda kwa asilimia mia moja na nne, na hizo nne za ziada tumeziweka akiba kwa msimu wa mvua. (Vigelegele, meza kuu.)

Namwona baba mmoja pale, mwenye mwiko mfukoni, ananyemelea barabara. Baba, safari ya wapi? (Fundi muashi: "Samahani, Mheshimiwa. Binti yangu ana mahafali saa nane, yeye ndiye msoma risala. Ya kaka yake niliyakosa, tulikuwa tunamwaga zege. Huyu nimemwahidi.")

Mmemsikia? Huyu ndiye mlengwa. Jumba hili limebuniwa kwa ajili ya mtu kama huyu, kwa hiyo haiwezekani aondoke kabla sijalizindua. Simama hapa mbele, baba, nikueleze haki yako ya kwenda nyumbani, ibara kwa ibara. (Fundi anatazama saa. Wenzake wanaguna.)

Jumba lililo nyuma ya turubai hili lina vyumba kumi na viwili vya kupumzikia, maktaba, bafu la maji moto, na chumba maalumu cha baba kumpigia mwanawe simu. Wapo wenye midomo wanaouliza, "Mafundi wa hapa ni sisi, mbona hatumjui aliyelijenga?" Hao nawaambia haraka haraka haina baraka. (Fundi: "Mheshimiwa, ni saa saba na nusu.") Ahsante, nilikuwa nimebakiza kurasa kumi na moja tu. (Miguno mirefu.) Basi, kwa kuwa mimi ni msikivu, utepe sitaukata mimi. Mpeni mlengwa mkasi.

(Fundi anakata. Turubai linaporomoka. Nyuma yake kuna nyasi, rundo la mchanga, na barabara. Fundi anarudisha mkasi kwa mikono miwili, kisha anaingia.)

Makofi kwa mtu wa kwanza kuingia jumbani! Mwangalieni, hata hodi hakupiga. Sasa yuko mapokezi. Sasa anakatiza maktaba. Amepita bafuni na viatu vyake. (Kicheko kikubwa.) Sasa yuko... amepanda pikipiki. (Mafundi wote wanavua kofia ngumu na kuingia jumbani kwa foleni.) Ingieni, ndugu zangu, msisukumane, ukumbi unatosha.

Mafundi wapumzike! (Kwa mbali, honi.) Kazi na maisha, maisha na kazi! (Makofi ya Makamu peke yake.)

Kwa kumalizia, nawashukuru kwa dhati wajumbe wa semina zote saba za kulipanga jumba hili, kwani bila semina hizo tungelazimika kulijenga. Na yule fundi anayewahi risala ya binti yake nitamwandika kwenye ripoti kuwa ni asilimia mia moja ya mafanikio yetu, maana jumba halipo, lakini yeye amekwenda nyumbani.