Daftari Jeusi na Hoja ya Ishirini na Tatu

Jumatatu, 24 Februari 2003

Zimebaki siku nane. Hoja yangu imechapishwa katika ajenda ya mkutano wa mji! Ni ya ishirini na tatu kati ya ishirini na tatu, baada ya changarawe za barabarani na leseni za mbwa. Si kitu. Mlango wa nyuma nao ni mlango.

Nieleze, ingawa shajara hii naisoma peke yangu. Miaka thelathini na minane ya kufundisha historia haifutiki. Mji wetu mdogo, East Corbin, hauna meya. Kila Jumanne ya kwanza ya Machi tunakusanyika wote katika ukumbi wa shule na kuamua mambo yetu wenyewe. Sasa serikali kuu, kwa hofu ya magaidi, imetunga sheria: wapelelezi wanaweza kumwendea mkutubi, wakataka kujua umeazima vitabu gani, naye haruhusiwi hata kukwambia. Hoja yangu inasema: mtumishi wa mji huu asitoe siri ya msomaji bila hati ya hakimu inayotaja kosa linaloshukiwa, na akikataa kuitoa, mji mzima usimame naye.

Maneno ya mwisho ni kwa ajili ya Odette Larocque, mkutubi wetu. Amesema wakija atakataa, wamfunge wakitaka. Ila hataki kukataa akiwa peke yake. Ana miaka sitini na mmoja na goti bovu. Hoja lazima ipite.

Merrill Stannard, mwenye duka la misumari na rangi, adui yangu tangu nilipomfelisha darasa la tisa, amepaza sauti pale posta. "Mwalimu, nani ahangaike kujua unasoma nini? Sisi ulitulazimisha kusoma na bado hatukusoma!" Watu wamecheka. Nami nimecheka, kwa adabu.

Jumanne, 25 Februari

Mkakati! Uhuru hautetewi kwa kubahatisha. Nimenunua daftari jeusi (kwa Merrill; hakuna duka jingine). Safu tatu: Ndiyo, Hapana, Anayumba. Nimekaa kwenye benchi la posta saa nne nzima, gazeti usoni. Watu thelathini na mmoja! Nani kaongea na nani. Nani kapokea barua ya nani. Merrill: Hapana, huingia maktaba na kitu ndani ya gunia la mbegu. Nini? Almira Coe ameniuliza kama nimefukuzwa nyumbani. Nimemwandika: Anayumba.

Winifred, mke wangu, ameuliza daftari la nini. Nimesema utafiti. "Haya, mzee. Ila ukigandia pale benchini, usinitegemee kuja na maji ya moto."

Alhamisi, 27 Februari

Wanaoyumba wamefika arobaini na wanne! Mawazo ya mtu yamo katika vitabu vyake. Kwa hiyo, maktaba. Nimemweleza Odette kwa utaratibu kwamba anitajie tu nani kaazima vitabu vya katiba, nani vya vita, nani vya majasusi, nijue pa kuanzia. Amevua miwani. Ameuliza kama nina hati ya hakimu. Nimecheka. Yeye hakucheka. Akasema kitabu kikirudi, jina la aliyeazima hulifuta siku hiyo hiyo, na hata kama asingelifuta nisingelipata. "Ondoka, Lucian, kabla sijasahau kwamba uko upande wangu."

Msimamo bora kabisa, kwa jumla. Kwa leo tu, unanichelewesha.

Ijumaa, 28 Februari

Leo maktaba imefungwa, lakini sanduku la kurudishia vitabu liko nje, na mdomo wake ni mpana. Kitabu kilichokwisha kurudishwa, nilijiambia, si siri tena. Nikaingiza mkono hadi begani. Nikagusa jalada! Mkono ukagoma kutoka. Kifungo cha koti kilinasa kwenye bawaba. Robo saa nzima nimelikumbatia sanduku lile kwenye theluji kama ndugu aliyepotea.

Nani akatokea? Merrill, na gunia lake la mbegu. Akaliona sanduku, akaniona mimi, akaficha gunia mgongoni. "Unatoa au unatia, Mwalimu?" Akanikomboa kwa kisu.

Hasara: mkono mmoja wa koti. Nilipofika nyumbani, hasara ya pili: daftari halimo mfukoni.

Jumapili, 2 Machi

Kanisani, katikati ya wimbo, sauti ya Merrill nyuma ya sikio langu: je, Almira Coe bado anayumba? Daftari analo! Nimeimba ubeti uliofuata bila kujua nimeimba nini.

Winifred amenishauri niwaombe watu radhi, nyumba kwa nyumba, kabla ya Jumanne. Nimemweleza kwamba jemadari haombi radhi kabla ya vita. Lakini kwa Odette nimekwenda. Nimemwambia yote, na kwamba niko tayari kuiondoa hoja ili aibu yangu isimwangukie. Amesema nikiiondoa ataiwasilisha mwenyewe, hata kwa goti lake bovu.

Basi. Haiondolewi. Wanicheke watakavyo, itasomwa.

Jumanne, 4 Machi

Watu mia moja na kumi na watano! Asubuhi nzima changarawe. Mchana maharage ya kuoka na pai ya tufaha. Hoja yangu saa tisa. Nimezungumza dakika kumi na nne. Mwenyekiti ameniomba mara tatu nifike mwisho.

Ndipo Merrill akasimama na daftari. Amesema mji umjue anayeutetea. Akasoma. Hiram Doane, hasemezani na kaka yake, chunguza. Kicheko. Almira Coe, barua ya wakili, talaka? Kicheko kikakatika. Niliyaangalia maharage yaliyobaki.

Almira amesimama, mweupe kama theluji. "Huyu ni Lucian, na ana penseli tu. Nimejiona kama nimevuliwa nguo. Hao wengine wana kompyuta." Akaketi.

Merrill akafungua ukurasa mwingine, wenye jina lake. Masikio yakamwiva. Akafunga daftari pa! Watu wakapiga kelele asome, mbona kaacha? Akasema hilo ni shauri lake, halimhusu mtu.

Odette ameinuka kwa kushika kiti cha mbele. "Ndivyo ninavyosema mimi kila siku, Merrill."

Hiram ameomba marekebisho: panapokatazwa kuwapa siri wapelelezi wa serikali kuu, iongezwe "wala Lucian Hatch". Akatafutwa wa kuunga mkono. Ameunga mkono Winifred! Marekebisho yamepita kwa kishindo. Kisha watu saba wakadai kura ya siri, kama sheria inavyowaruhusu, wote saba wakinitazama mimi.

Ndiyo, mia moja na nne. Hapana, kumi na moja. Odette aliketi taratibu, akafuta miwani yake, akaifuta tena.

Jumatano, 5 Machi

Ushindi! Hotuba yangu imewagusa, hilo halina ubishi. Odette amenishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema sasa wakija atakuwa na watu nyuma yake. Kisha akaniomba, nikipita karibu na sanduku, niweke mikono mfukoni.

Lakini kumi na mmoja! Ni akina nani? Wataanza kuwashawishi wengine. Mwakani watakuwa ishirini. Kura ya siri ni utaratibu bora kabisa, kwa jumla.

Nimenunua daftari jipya, la kijani. Merrill ameuliza la nini. Nimesema utafiti. Safu moja tu safari hii, kwa hiyo si kosa lile lile.

Wa kwanza: Almira Coe. Karatasi yake ya kura aliikunja mara mbili.