Vikapu vya Mama Sokoni

Jumatatu, 4 Machi 1974

Karani mkuu wa mji, Bwana Ratemo, amerudi kutoka mkutano wa Nairobi na jambo jipya. Baraza letu lisinunue tena vitu vinavyochafua udongo na mito. Tuanze na mapipa ya taka sokoni. Yaliyopo yalikuwa ya mafuta, yameliwa na kutu, na kila mvua ikinyesha uchafu wake unateremka mtoni. Atakayeleta wazo bora atakuwa afisa wa manunuzi. Hatimaye zamu yangu, mimi Onchiri! Lakini Manasseh wa stoo anatabasamu. Namjua huyo. Ataomba mapipa yale yale, yapakwe rangi ya kijani.

Jumatano, 6 Machi

Nimepata! Vikapu. Vinasukwa hapa hapa, vikichakaa vinarudi udongoni. Na kwa kusuka, nani wa kumshinda mama yangu? Bwana Ratemo amenishika mkono mbele ya ofisi nzima. Manasseh aliuliza kama nimezungumza na wanawake wa sokoni. Wivu tu.

Jioni nilikwenda kwa mama, huko Keroka. Neno taka lilikataa kabisa kutoka. Nikamwambia baraza linahitaji vikapu vya wimbi. Alifurahi mno. Alisema hakujua kwamba serikali bado inakumbuka chakula cha wazee. Akasali kabla ya kuanza kusuka.

Jumanne, 19 Machi

Vimefika. Vizuri ajabu! Mama amevisiriba kwa kinyesi cha ng'ombe, wimbi lisipenye hata punje. Asubuhi tulivipanga sokoni. Jioni nikavikuta vitupu, taka zimemwagwa chini kuvizunguka. Wanawake wamesema kikapu cha wimbi hakitiwi uozo, ni kujitakia laana. Bonareri, muuza ndizi, aliniletea kimoja ofisini, amekipangusa vumbi. Alidhani kuna bibi harusi amekisahau, maana kwetu bibi harusi hubebewa wimbi katika kikapu kama hicho.

Alhamisi, 21 Machi

Bwana Ratemo anakagua kesho. Vikapu vitupu vitaniangusha. Nimevijaza mwenyewe, mimi mwenye cheti! Maganda, kabichi zilizooza, matumbo ya samaki. Nimenawa mara nyingi, bado nanuka.

Ijumaa, 22 Machi

Bwana Ratemo alifurahi. Alikuwa ananipa mkono wa pongezi mama alipotokea, amevaa gauni lake la Sabato. Alikuja kuona wimbi la serikali.

Hakupiga kelele. Alimwaga kikapu cha kwanza kwa mikono yake. Akamwaga cha pili. Bonareri akaja kumsaidia, kisha wanawake wengine, wakavibeba vyote kwenda kuviosha mtoni. Mimi nimesimama pale pale. Sijawahi kuona haya namna ile. Nilimfuata, nikaomba msamaha. Alisema tu kwamba vidole vinamuuma.

Kazi amepewa Manasseh. Mapipa, rangi ya kijani.

Jumapili, 24 Machi

Jana, Sabato, mama aliketi mbali nami kanisani. Nililia. Nimeapa mbele za Mungu kwamba sitamdanganya mama yangu tena, na nitatimiza.

Ila nimesikia Bwana Ratemo hapendi yale makopo ya bati ambamo madiwani hutema mate na kukung'uta majivu ya sigara. Anatafuta kitu cha kuyabadilisha. Vibuyu! Vinaota shambani, vikipasuka vinarudi udongoni. Manasseh hawezi kuwaza hivyo hata akipewa mwaka. Na hakuna anayetengeneza vibuyu kama shangazi Nyanchama wa Gesima. Kesho naenda kwake. Nitamwambia ni vya maziwa ya madiwani.