Jina la Mama Naelijwa Ndani ya Jagi

Leo nimeaibika, jamani. Huku Vudee, milimani Same, mbele ya mama mkwe. (Bado hajawa mama mkwe. Posa ni mwezi ujao, na leo mchana niliiona inakufa.)

Huku sherehe ikija, vyombo vinaazimwa nyumba hadi nyumba. Ndiyo maana kila mama anachoma jina lake kwenye plastiki kwa msumari wa moto. Mwezi uliopita nilimkuta Mama Naelijwa, mama wa mchumba wangu, anataka kuchoma majagi yake mapya, yale angavu kama kioo. Nikaruka. "Mama, usiyaharibu! Nipe niende nayo Arusha." (Mimi ni fundi wa maabara chuoni. Tuna mashine ya leza. Na kiherehere ninacho.)

Hiyo leza, acheni tu! Inapiga mwanga kwa mapigo mafupi mno, kila moja linaisha kabla joto halijasambaa. Kwanza nilijaribu mfuniko wa ndoo, ukachubuka juu. Kopo lingine likageuka jeusi. Lakini jagi! Mwanga ulipenya bila kukwaruza nje, ukaandika jina katikati ya unene wa plastiki. Niliduwaa pale, na hiyo ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Sasa leo jirani alikuwa na sherehe ya kipaimara. Vyombo vikaoshwa, kina mama wakachukua vyao vyenye makovu ya msumari. Yakabaki majagi ya Mama Naelijwa, yamechanganyika na mapya ya mwenye sherehe, ambayo hayajachomwa bado. Yote ya soko la Same, yote sawasawa.

"Baba, jina langu liko wapi?" Mama Naelijwa akaniuliza.

"Lipo ndani, mama."

"Ndani ya jagi?"

"Ndani ya plastiki yenyewe."

Kina mama walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Kwenye jua lingeonekana, ila ukungu ulikuwa umeshuka mpaka mlangoni. Nikaomba kanga, nikajifunika gubigubi na jagi na tochi ya simu. Mchungaji akapita kuaga. Nikamwamkia humohumo: "Shikamoo, mchungaji!"

"Marahaba. Nani huyo?"

"Ndiye anayetaka kuposa kwangu," Mama Naelijwa akajibu, kwa sauti ya msibani.

Nikaweka tochi kwenye ukingo wa jagi. Jina likawaka! Jeupe, limeelea ndani ya plastiki. Nikafunua kanga, kicheko kikakatika. Mama akapitisha kidole nje, laini. Ndani, laini.

"Yesu wangu! Limeingilia wapi?"

Hata mchungaji alivaa miwani.

Kisha mama akashusha pumzi. "Ni ajabu, baba. Ila sherehe ijayo nani ataingia kwenye kanga? Leta msumari."

Nimeyatenga yake kwa tochi, nikachoma mwenyewe, moshi wote machoni pangu. Nilipofika jagi la mwisho akaninyang'anya.

"Hili acha. Nitawaonyesha wageni wa posa."

Kwa hiyo chekeni taratibu. Mnamcheka mkwe wa watu.