Dirisha Linalotazama kwa Tummas

Jumatatu, 3 Machi
Macho ya mzee Jákup, msomaji wetu wa kanisani, yamekwisha. Jana kanisani alitusomea habari za ufalme wa mbuzi. Marjun, mke wangu, peke yake ndiye aliyecheka.

Mchungaji Birita ana makanisa sita, hapa kwetu hufika mara moja kwa Jumapili sita. Zilizobaki lazima mmoja wetu asome mahubiri. Jumapili hii atamchagua msomaji mpya. Tumejitokeza wawili. Mimi Hanus, miaka arobaini kiwanda cha samaki, sauti inayoshinda mashine. Na jirani yangu Tummas, mgane tangu Novemba, anayesoma kama mtu anayehesabu kondoo zizini.

Ila mchungaji kasema hatafuti sauti. Anatafuta mtu anayeitunza roho yake kila siku kama watu wanavyotunza mwili: sala, neno, kufunga, utulivu. Haya! Kuanzia kesho nina mazoea. Marjun ameuliza kama Mungu amehamia kwetu au anapita tu.

Jumanne, 4 Machi
Nimeamka saa kumi na mbili alfajiri. Nikapiga magoti mbele ya kiti. Nikaamka tena saa mbili, magoti yamekufa ganzi, nimefunikwa blanketi. Utulivu wa ajabu.

Tatizo: hakuna aliyejua! Roho yenye afya, isipoonekana, itamfikiaje mchungaji? Dirisha la jikoni linatazama kwa Tummas, hatua kumi na mbili. Kesho nalifungua. Nimemwambia Marjun kwamba taa haiwekwi chini ya pishi. Akanikumbusha lile neno jingine la Yesu, la kuingia chumbani na kufunga mlango. Marjun husoma anachotaka yeye.

Jumatano, 5 Machi
Kwaresima imeanza. Dirisha wazi. Upepo wa bahari ukaingia kabla ya Roho. Pazia likatua kwenye uji. Sikujali. Nimewaombea wagonjwa, mabaharia na mfalme, kwa sauti ile ya kiwandani. Kisha zaburi nzima. Kwa Tummas taa ikawaka. Ushindi!

Alhamisi, 6 Machi
Leo nimemwombea Tummas kwa jina, mara tatu. Aondolewe wivu. Aondolewe na usomaji mbaya. Nikafungua jicho moja: yupo nje, ameegemea ukuta wa mawe, hana kofia, mvua inamnyeshea. Jasusi! Anaiba sala zangu akamsomee mchungaji. Nikaomba harakaharaka asiweze kunifuata. Hata mimi sikujifuata.

Ijumaa, 7 Machi
Siku ya kufunga. Nimekwenda dukani mara tatu, nisinunue kitu, na kila mara nikaeleza kwa nini. Mlangoni nikakutana na Tummas. Akafumbua kinywa. Nikamuwahi kwa habari za njaa yangu. Akafumba kinywa, akaenda zake.

Saa nane mchana harufu ya nyama ya kondoo, ile tunayoikausha kwa upepo, ikaniita bandani. Kipande kidogo. Na kingine. Marjun akanikuta. Akasema anashukuru kuona hatimaye nimeingia chumbani na kufunga mlango.

Jumamosi, 8 Machi
Mafua. Sauti imepotea kabisa, hayo ndiyo malipo ya dirisha. Nimeliacha limefungwa. Saa moja asubuhi mlango ukagongwa. Tummas.

“Mbona leo kimya, jirani? Nimekungoja ukutani.”

Nikadhani anadhihaki. Hakuwa anadhihaki. Akaketi bila kuvua koti, akasema tangu tumzike mkewe Sanna, akifumbua kinywa kuomba halitoki neno. Hata Baba Yetu. Jumatano akasikia mtu anaomba. Alhamisi akasikia jina lake.

“Wivu sina,” akasema. “Kusoma vibaya, hiyo kweli. Lakini nilitaka Jumapili nipate pa kusimama, Hanus. Nikikaa kwenye benchi letu, ile nafasi pembeni yangu inanimaliza.”

Akaniomba niombe. Sauti sina. Na bila sauti nikagundua sina maneno pia, ya wiki nzima yalikuwa ya dirishani. Tukaanza Baba Yetu, mimi kwa kunong'ona. Tulipofika “utusamehe” nikashindwa kuendelea, na si kwa mafua. Tummas akaendelea peke yake mpaka Amina. Marjun akaweka kahawa mezani, asiseme kitu. Haijawahi kutokea.

Jeneza la Sanna nami nililibeba. Kisha miezi minne sikuvuka zile hatua kumi na mbili kwenda kwake. Naona aibu. Naiandika kwa wino nisije nikaikana.

Jumapili, 9 Machi
Kabla ya ibada nimemwambia mchungaji amchague Tummas. Akamchagua. Tummas akasoma. Bado alikuwa anahesabu kondoo, lakini alifika hadi wa mwisho. Machozi yalinitoka, nakiri.

Ndipo mchungaji akawaambia watu wote kwamba Hanus amempisha mwenzake, na kwamba unyenyekevu wa namna hii umeadimika. Kanisa zima likageuka! Nimepewa mikono kumi na mmoja. Hedvig wa posta amesema nina roho kubwa. Joto lile, hakuna dirisha lililowahi kunipa.

Nimetafakari sana tangu chakula cha mchana. Kosa langu lilikuwa aina ya zoea nililochagua tu. Sala hupotelea kwenye upepo. Unyenyekevu, huo huonekana hadi nyuma. Kwa hiyo Jumapili ijayo naketi benchi la mwisho kabisa, upande wa mlangoni, ambapo kila anayetoka hana budi kuniona. Kikwazo ni kimoja: bibi Poula, ameketi pale miaka thelathini, hasemi na mtu. Nimemwomba kwa upole asogee kidogo anipishe.

“Tafuta kwako,” akanijibu.

Kiburi gani hicho, kwenye benchi la mwisho! Nitafika saa nzima kabla yake. Tutaona nani mnyenyekevu zaidi.