Nilivyozeeka Miaka Kumi na Miwili kwa Ajili ya Mkia wa Kuku

Jumapili, 11 Juni

Ijulikane kwa wote watakaolifungua daftari hili, na kwa wajukuu wao: leo, saa saba na dakika kumi mchana, katika chumba cha kulia cha nyumba yetu ya watoto hapa Antsirabe, Madagaska, mkia wa kuku umehama. Kwa miaka kumi na minne umetua kwenye sahani yangu. Leo umetua kwenye sahani ya mzungu.

Si paja. Si kidari. Mkia! Kile kinyama cha mafuta anachopewa aliye mkubwa kuliko wote mezani. Meza ya wafanyakazi ina kuku mmoja kila Jumapili, na kuku ana mkia mmoja.

Mzungu mwenyewe ni Daktari Halvard, mstaafu kutoka Norwei. Amefika Alhamisi. Wiki tatu atatibu watoto wetu na watu wa vijijini. Hataki mshahara. Nauli amejilipia. Nilimpenda sana mtu huyu mpaka saa saba na dakika tisa.

Hapo Vololona, mpishi wetu, alisimama na mwiko akamuuliza Sista Perpetue, mkurugenzi, mgeni ana umri gani. Sitini na sita. Akanigeukia mimi, mtunza stoo, bustani, geti na mabomba. Nikajibu hamsini na saba. Ukweli mtupu! Sijui nilikuwa na haraka gani.

Daktari aliutazama mkia. Akaugeuza kwa uma. Akauweka pembeni. Hakuula! Na ukishakuwa wa mkubwa, mdogo haugusi. Umeliwa na paka.

Jumatatu, 12 Juni

Barafu juu ya majani asubuhi. Nimejifunga shuka mbili na hasira moja.

Haingo, miaka saba, masikio yanavuja tangu tumpokee, hasikii vizuri na kwa hiyo hupiga kelele. Ametangazia uwanja mzima kwamba sasa tuna Babu Mkubwa na Babu Mdogo. Mdogo ni mimi! Mtoto niliyemfundisha kufunga kamba za viatu!

Nimetoa kitambulisho sandukuni. Kimeandikwa: amezaliwa mwaka 1966 hivi. Hivi! Karani wa zamani hakuwa na uhakika, Mungu ambariki. Labda ni 1960 hivi. Labda 1954 hivi. Nimepiga hesabu: sitini na tisa. Nikajaribu mbele ya kioo, mgongo umepinda kidogo. Inanikaa.

Nikaenda kumjaribia Vololona. Nikamwambia kwamba mama yangu, kabla hajafa, aliniachia siri kuhusu mwaka niliozaliwa. Akaacha kupepeta mchele. "Kaka Fano, jana ulikuwa na hamsini na saba. Umekula nini usiku? Kama ni maharage yangu niambie niyamwage."

Mwanamke mgumu. Nitaanzia kwingine.

Jumatano, 14 Juni

Kliniki ya kijijini, kwenye darasa la shule. Mimi napanga foleni. Watu mia moja na kumi. Daktari amekamua majipu, amefunga vidonda, amesikiliza kifua cha mtoto mmoja taratibu mpaka mama yake akaacha kutetemeka. Hakula mchana. Lazima niandike kwa haki: mtu huyu anachapa kazi.

Tena jana alisafisha masikio ya Haingo, saa nzima, kwa maji ya vuguvugu, akamwekea dawa. Leo alfajiri mtoto kasimama bustanini, kichwa kakiinamisha. Akaniambia, kwa sauti ndogo kabisa, kwamba kuku wakitembea miguu yao inalia. Hakujua. Niliingiwa na vumbi jichoni, nikaenda kukagua mabomba.

Hata hivyo, heshima ni heshima.

Daktari ana benchi la pekee la waliopita miaka sitini na mitano. Liko juani. Wanapewa chai ya sukari na hawangoji. Foleni ilipopungua, nikaketi. Akaniuliza umri kwa Kimalagasi chake alichojifunza huko kwao wakati wa theluji: "Wewe, miaka ngapi?" Sitini na tisa, nikasema, bila kupepesa. Akaandika. Kwa wino! Kwenye kadi yenye jina langu! Akasimama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniita kaka mkubwa.

Kisha akanipima presha. Akakunja uso. Akapima tena. Akahamia mkono wa kushoto. Wazee wengine wote walipimwa mara moja, mimi mara tatu! Ndivyo mtu mzima anavyopokelewa. Akanipa na vidonge, kimoja kila asubuhi, pamoja na maneno mengi kuhusu chumvi. Nimevitia kwenye kopo la misumari stoo. Siumwi mimi. Ni mzee tu.

Jumapili, 18 Juni

Ushindi, kisha maafa. Vilipishana kwa dakika nne hivi.

Vololona alipochukua mwiko, Daktari mwenyewe alinionyesha kwa mikono yote miwili. Kaka mkubwa! Mkia ukaja. Ukatua. Unang'aa! Nikauacha kwanza ili watu wauone. Kosa hilo. Daktari alikuwa anamnong'oneza Sista, na Sista akainuka, akauchukua kwa kijiko. Eti mafuta na chumvi kwangu ni sumu. Nikaletewa boga la kuchemsha. Vololona alitazama ukutani, mabega yanamtikisika.

Hayo ningeyavumilia. Lakini Sista alikuwa na kadi mkononi. Akaisoma. Akaisoma tena. Macho yakamjaa machozi. Akasema sheria ya nyumba ni kustaafu mtu akifika sitini, na yeye, mtumishi wa Mungu, amenibebesha magunia miaka tisa ya ziada. Akaniomba msamaha mbele ya watu wote! Nitaagwa sikukuu ya uhuru, tarehe ishirini na sita, kwa heshima zote. Chumba changu cha getini atapewa mwingine.

Nilifungua mdomo niseme ukweli. Daktari alikuwa ananitazama kwa upendo mkubwa. Nikaufunga.

Jumanne, 20 Juni

Mpango mpya. Sitakanusha miaka. Nitaonyesha tu kwamba miaka haijaniathiri.

Saa mbili nimepita mbele ya dirisha la Sista na gunia la mchele begani, nikiimba. Dirisha likafunguka. Kelele! Amnyang'anye mzee mzigo, nani yupo hapo! Watoto kumi na mmoja wakatoka darasani, wakaniondolea gunia wakalikokota. Saa nne nikapanda ngazi kuzibua mfereji wa paa. Ngazi ikachukuliwa, nikiwa juu. Saa sita Sista ameteua watoto wawili wawili wanishike mkono kila penye kidato cha ngazi. Nyumba hii ina vidato vingi sana.

Vololona ameuliza kama mzee atakunywa uji au maji ya ukoko wa wali, maana meno nayo yana siku zake. Nikamwambia hajui ninavyoteseka. Akasema anajua sana, na dawa yake ni sentensi moja, aende nami kwa Sista sasa hivi nikaiseme. Nikasema nitafikiria.

Kichwa kinaniuma tangu asubuhi. Ni hasira.

Alhamisi, 22 Juni

Sista amekuja na tatizo. Hotuba zote za nyumba hii hutolewa na mimi. Harusi, misiba, wageni. Hakuna mwingine anayejua kuomba radhi nusu saa kwa kuthubutu kusimama mbele ya watu, kabla hajasema neno lenyewe. Kwa hiyo ya kuniaga ataitoa nani? Akaniomba niitoe mwenyewe.

Nimekaa stoo kuiandika. Naomba radhi kwa wakubwa waliotangulia. Naomba radhi kwa wadogo. Nilipofika mahali pa kusema ninakokwenda, kalamu ikasimama. Ninakwenda wapi? Mke sina tena, mtoto sikujaliwa. Kaka yangu yuko kusini, ana watu tisa katika vyumba viwili. Watu wangu ni hawa thelathini na wawili wanaonishika mkono kwenye vidato. Nikifa leo watakaonililia wako nyuma ya ukuta huu, wanagombania mpira.

Basi nikachukua wembe. Kadi ilikuwa mezani kwa Sista, yeye yuko kanisani. Nia yangu ni kuikwangua sita iwe tano. Kazi ndogo, mkono mwepesi! Sasa mahali pa umri pana tundu. Unaweza kuchungulia.

Nimeirudisha kifudifudi.

Jumamosi, 24 Juni

Naandika nikiwa kitandani, kwenye chumba cha wagonjwa. Nilianguka nikiwa kazini. Nilikuwa juu ya paa, natundika taa za karatasi za watoto kwa ajili ya sikukuu, upepo mkali, mkono mmoja nimeshika waya, wa pili namwokoa paka. Nikaanguka kiume. Naishia hapa, Daktari ameninyang'anya ka

Alhamisi, 29 Juni

Kalamu imerudi. Daktari ameondoka saa tatu asubuhi. Na kwa kuwa hayupo tena wa kumpendeza, nitaandika kilichotokea kweli.

Hakukuwa na paa. Hakukuwa na upepo. Paka alikuwa amelala jikoni. Jumamosi mchana nilijifungia stoo na bakuli la kisamvu cha nguruwe nililochota sufuriani Vololona alipogeuka, nikakiongezea chumvi vijiko viwili kwa sababu nilikuwa na huzuni. Nilikula chote. Nikainuka kutafuta maji. Dunia ikazunguka, damu ikanitoka puani, nikaanguka juu ya magunia ya mkaa na kopo la misumari likaniangukia.

Aliyesikia ni Haingo. Nyuma ya ukuta, kati ya watoto wanaopiga kelele, yeye peke yake alisikia kopo. Mwezi uliopita asingesikia hata ukuta ukianguka. Alikimbia kumwita Daktari, na Daktari akaja peku, akapiga magoti kwenye mkaa na suruali yake nyeupe. Presha mia mbili na kumi kwa mia moja na ishirini. Akaangalia sakafuni. Misumari, na vidonge vyangu vyote kumi na vinne, vizima, vimetawanyika.

Akaviokota kimoja kimoja. Afadhali angenitukana.

Siku mbili alizokuwa amejiwekea aende msituni kuwaona lemuri, komba wetu wa huku, ambao alisema amewaota tangu akiwa mtoto, alizimaliza kwenye kiti kando ya kitanda changu. Kila saa anapima. Jumapili jioni watoto walipita dirishani na taa zao za karatasi, foleni nzima, wanaimba, na mimi nikamwambia. Kwa maneno madogo madogo, ili anielewe. Kwamba si sitini na tisa. Kwamba ni kwa ajili ya mkia. Alinitaka nirudie, alidhani Kimalagasi chake kimeharibika. Kisha akacheka mpaka akavua miwani. Akasema benchi lile aliliweka kwa sababu wazee ndio anaowapima presha kwanza. Nisingedanganya, asingenipima.

Sista naye nilimwambia. Kumbe Vololona alishamwambia siku nyingi. Alikuwa anangoja niseme mwenyewe, na akakiri kwamba lile chozi la mezani lilikuwa la kweli ila alipofika kwenye hotuba ya kujiaga alikuwa anajifurahisha. Hukumu: nitabaki na chumba changu. Umri wangu nidanganye nipendavyo, lakini kila asubuhi nitameza kidonge mbele ya Haingo, na nitafungua mdomo akague.

Nililia. Naandika bila aibu.

Ile hotuba sikuitupa. Tarehe ishirini na sita niliitoa, nikabadilisha tu anayeagwa. Nikaomba radhi nusu saa, watoto saba wakalala. Kisha nikasema neno lenyewe: kwamba mtu huyu alitoka kwenye theluji kuja kupiga magoti kwenye mkaa wetu, na kwamba sisi hatuna cha kumlipa, tunacho cha kumwita tu, naye kuanzia leo ni Babu Mkubwa wa nyumba hii, awepo asiwepo. Nilisema kutoka moyoni. Daktari alielewa kama robo yake, akalia yote.

Leo asubuhi, wakati Sista anapasha gari moto, Daktari alitoa kadi mpya ya kumwachia muuguzi wa kliniki ya mjini. Ile ya zamani ina tundu. Vololona alikuwa anatumiminia chai. Daktari akashika kalamu, akanitazama kwa upole, akauliza tena, kwa mara ya mwisho, miaka yangu ya kweli.

Ningesema tu. Lilikuwa jambo dogo. Lakini nilikuwa nimenyoa, nimelala vizuri siku nne, na Vololona alikuwa amejitanda ile shuka yake ya kijani inayompendeza.

Hamsini na moja, nikasema.

Vololona akaweka birika chini. "Daktari, andika upesi, kabla hajafika chekechea." Kisha akanigeukia, akanitazama kutoka miguuni mpaka kichwani. "Basi nimepata mdogo wangu wa kiume. Mimi nina hamsini na nne. Hebu simama, mdogo wangu, ukaniletee maji kisimani."

Nimeleta ndoo mbili. Daktari alinikataza kubeba vitu vizito, lakini hapo alikuwa anazungumza na yule mzee.